Wati za kwenye boksi hazikupi saa za betri

"Fundi, amplifaya hii ni ya wati 100 na betri yangu ni ya volti 12, ampea-saa 7. Si itakata kabla ya saa moja?"

Swali hili linafika mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kila mara, na anayeuliza huja na hesabu kamili: 100 gawa kwa 12 ni ampea 8 na ushee, 7 gawa kwa 8 haifiki saa. Basi anakwenda kununua betri la gari, analipakia bodaboda mpaka Kibirizi, analipandisha kwenye boti kwenda kijijini, kwa ajili ya kwaya ambayo ingeimba mchana kutwa kwa betri ya kubeba mkononi. Mwingine anaiacha bodi (sakiti ya amplifaya) nzuri na kuchukua dhaifu kwa kuamini kwamba nzuri "inakula sana". Inaniuma, maana hizo ni sadaka za watu.

Hesabu hiyo ina makosa mawili. Kwanza, zile wati 100 hazipo. Bodi za klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, zinazoandikwa wati 50 mara mbili hufikia hapo zikipewa volti 21 hivi. Kwenye betri ya 12, hata spika ikisukumwa pande zote mbili kwa mtindo wa daraja, kilele cha mawimbi hakiwezi kupita volti 12, yaani kama 8.5 kwa kipimo cha RMS (volti zinazofanya kazi kweli). Zidisha 8.5 kwa 8.5, gawa kwa omu 4 za spika: wati 18 kila upande. Zaidi ya hapo ni sauti kukwaruza tu.

Pili, na hapa ndipo watu wanapogoma kabisa kunielewa, muziki haukai kileleni. Ngoma inapiga, inaacha. Mwimbaji anavuta pumzi. Mhubiri anangoja watu waitikie amina. Ukifungua sauti mpaka karibu na kukwaruza bila kuvuka, wastani wa nguvu ni kama sehemu moja ya nane ya ule ukomo. Sehemu ya nane ya 18 ni wati 2.25, pande mbili, 4.5. Klasi D inapoteza kidogo, tuseme asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa wati 5.3, sawa na ampea 0.44. Jumlisha kile bodi inachokula ikiwa kimya, ifanye nusu ampea. Betri hizi za risasi na asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua mapema, kwa hiyo katika ampea-saa 7 hesabu 3.5 tu. Gawa kwa nusu ampea: unapiga saa 7. Wewe ulisema haifiki hata moja.

Ukilazimisha sauti mpaka ikwaruze muda wote, wastani unaweza kupanda hadi theluthi ya ukomo. Hapo betri ileile inakupa kama saa 3. Na ukitumia chipu za zamani za klasi AB kama TDA7297, kwa sauti ileile isiyokwaruza, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Hesabu inaangukia ampea 1.3, saa mbili na nusu hivi. Ile hitisinki (bati la kupooza chipu) inayokuunguza kidole ndiyo betri yako inayoondoka.

Usinitegemee mimi, pima. Chomoa fyuzi ya waya wa betri, weka mita kwenye tundu la ampea 10, ncha mbili pale fyuzi ilipokuwa. Piga wimbo wako, kwa sauti yako, kwa spika zako. Namba itarukaruka, itazame wimbo mzima, chukua ya katikati. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kugusa betri, la sivyo utaipiga shoti.

Mengine nayataja upesi. Betri ya 7 haitoi ampea 7 kwa saa nzima: namba hiyo hupimwa kwa kutoa ampea 0.35 kwa saa 20, na ukiivuta kwa nguvu inakwisha kabla ya hesabu. Betri mbili ukizifunga mfululizo hupati ampea-saa 14, unapata volti 24 na 7 ileile, na bodi nyingi za volti 12 zinaungua hapo. Ukitaka 14, funga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Zile betri ndogo za lithiamu za 18650 zilizoandikwa milliampea-saa 9900 achana nazo. Zilizo nzuri huzunguka 3500.

Wanaodai kwamba sauti kubwa ni wati nyingi, waangalie desibeli za spika, yaani inavyolia ikipewa wati moja. Spika ya 97 kwa wati moja inalia sawa na ya 88 iliyopewa wati nane. Kwa mkutano wa uwanjani, spika moja nzuri ya honi inafanya kazi ambayo betri kubwa haitaifanya, na hela yangu ningeipeleka huko kwanza.

Inveta nayo iache nyumbani. Kupandisha 12 hadi 230 halafu adapta iishushe tena ni kupoteza umeme mara mbili. Unganisha amplifaya moja kwa moja kwa waya mnene, na fyuzi ya ampea 5 iwe jirani na nguzo ya chanya.