Ujiji haikuanza na Livingstone

Sikukuu ya Idi, jamaa waliotawanyika Dar, Tabora na kwingineko wakirudi Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, wapo watoto wanaopelekwa kuona miembe ya kumbukumbu na kuambiwa: hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone, na Livingstone ndiye aliyeligundua Ziwa Tanganyika. La kwanza ni kweli. Ilikuwa mwaka 1871. La pili si kweli. Hata kwa Wazungu, wasafiri Waingereza Burton na Speke walitangulia kufika, mwaka 1858. Livingstone alikuja Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869.

Na wote hao walikuta soko limechangamka. Palikuwa na chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wa ziwani, pembe za ndovu na, jambo linaloumiza hadi leo, binadamu waliouzwa utumwani. Malipo madogomadogo yalifanywa kwa shanga zilizoitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko. Waha, wenyeji wa Kigoma, walikuwepo, watu wa pwani walikuwepo, na Wamanyema wakavuka ziwa kutoka ng'ambo, Kongo ya leo. Hao ndio wa kutajiwa watoto kwanza, maana wazao wao ndio wanaopelekeana sahani za pilau siku hiyo ya Idi.