Wake wengi, kahawa na shetani: yanayosemwa juu yetu Wamormoni wa Jinja

Mjomba wangu ni Mwanglikana mwenye wake watatu. Aliposikia nimebatizwa kwa Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nafasi bado zipo. Redioni alikuwa amesikia kwamba kwetu mwanamume huoa mpaka achoke, naye kwa miaka mingi amekuwa akinyimwa Meza ya Bwana kanisani kwake. Ilinibidi nimwambie kwamba kwetu hata kwenye kisima cha ubatizo asingefikishwa.

Hiyo ndiyo dhana inayoongoza zote, na sisemi imetoka hewani. Joseph Smith, mwanzilishi wetu, alioa wake wengi kimyakimya, Brigham Young aliyemrithi akalitangaza jambo hilo hadharani huko Utah mwaka 1852, na mwaka 1890 rais wa Kanisa, Wilford Woodruff, akatoa tamko la kuliacha. Wapo walioendelea chini kwa chini, ndiyo maana mwaka 1904 likaja tamko la pili, hili likiwa na meno: atakayeoa mke wa pili akiwa na wa kwanza anaondolewa kanisani. Sheria hiyo haikulegezwa hata kidogo ilipofika Uganda, nchi ambayo inatambua ndoa za kimila na za Kiislamu zenye wake zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mtaani kwetu, ukitafuta mwanamume aliyefungiwa kabisa njia ya mke wa pili, ni mume wangu.

Wale mnaowaona kwenye taarifa za habari, magauni marefu na watoto arobaini uani, ni vikundi vilivyojitenga. Kiongozi wa kimoja, Warren Jeffs, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Texas mwaka 2011. Tatizo ni kwamba habari ikishasafiri mpaka Jinja, lile neno "waliojitenga" huwa limeshaanguka njiani.

Shangazi yangu, ambaye sijawahi kumwona akishindwa hoja, hakuridhika na maelezo hayo. Tunaamini ndoa iliyofungwa hekaluni, jengo letu la ibada maalumu, haikomi kwa kifo. Mwanamume akifiwa na mkewe anaweza kuoa tena na kufunga ndoa hiyo nayo kwa milele. Rais wetu wa sasa, Dallin Oaks, alifiwa mwaka 1998 akaoa tena mwaka 2000; Russell Nelson aliyemtangulia alifiwa mwaka 2005 akaoa tena mwaka uliofuata. Shangazi alisikiliza yote, akahesabu kwa vidole, kisha akasema: "Basi hamkuacha. Mmehamishia mbinguni." Nilimwongezea chapati.

"Wamekatazwa kafeini." Hapana. Neno la Hekima, agizo letu la afya lililotolewa Kirtland, Ohio, mwaka 1833, linazuia pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na viongozi wa mwanzo walieleza kwamba vinywaji hivyo ni chai na kahawa. Moto wenyewe si hoja. Uji unaobabua ulimi ni ruhusa, mchaichai ni ruhusa, ila kahawa ya barafu ni kahawa na chai ya kijani ni chai. Soda yenye kafeini haijakatazwa, Kanisa lilisema hivyo mwaka 2012, na huko Utah kuna maduka yanayoishi kwa kuuza soda iliyochanganywa na krimu na sharubati, magari yamepanga foleni nje. Ndugu zetu hao hawagusi kikombe cha chai, lakini soda wanainywa kwa ujazo wa ndoo.

Huwa sijaribu kutetea hilo kwa sayansi. Ni agano. Hakuna anayemuuliza Mganda wa ukoo wa Nsenene, yaani panzi, kama panzi wana madhara kwa ini. Ni mwiko wake, hali, basi. Nami nadai heshima hiyohiyo kwa kikombe changu kitupu.

Ila kuwa Mormoni katika nchi ya kahawa kuna raha yake. Robusta ni mti wa asili wa ukanda huu wa ziwa. Buganda, mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna, na zamani watu wawili walifunga udugu wa damu kwa kugawana buni mbili za tunda moja. Mume wangu alisomeshwa kwa shamba la kahawa la baba yake huko Masaka, na agizo ni la kunywa, halisemi kitu juu ya kupalilia. Na kutafuna je? Nimeuliza kanisani kwa watu wawili wenye busara nikapewa majibu mawili. Kwa hiyo kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, kikapu kinaponifikia, nachukua buni moja kwa mikono miwili, nashukuru, naitia kwenye mkunjo wa gomesi, vazi letu la sherehe, na nikifika nyumbani naikuta imeungana na nyingine za kwanjula zilizopita. Novemba 2024 wabunge wetu waliporushiana ngumi ukumbini juu ya mswada wa kuiingiza mamlaka ya kahawa ndani ya wizara ya kilimo, mwanangu aliyekuwa akitazama aliniuliza kama hayo ndiyo madhara ya kahawa. Nikamwambia hayo ni ya siasa.

Jirani yangu Mwislamu ndiye anayetuelewa upesi kuliko wote. Pombe hatunywi, nabii tunaye, zaka tunatoa, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tunafunga kula na kunywa. Aliposikia hilo la mwisho aliuliza, "Siku ngapi?" Nikamjibu ni siku hiyohiyo moja, milo miwili tu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kuna moja nisiyoifanyia mzaha. Watu husema hili ni kanisa la Wazungu lililowakataa weusi. Lililowakataa, ndiyo, hilo si uzushi. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani, yaani mamlaka ya kuendesha ibada, mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Lakini mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba watu wenye asili ya Kiafrika hawatapewa, na ikabaki hivyo, pamoja na kufungiwa ibada za hekaluni, mpaka Juni 1978 chini ya Spencer Kimball. Miaka 126. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yake ya historia hiyo na kuzikana nadharia zote zilizokuwa zikitumika kuhalalisha zuio, zile za laana na kadhalika. Dhana potofu hapa iko katika sehemu ya pili, kwamba hali ni hiyo hata leo. Joseph Sitati wa Kenya aliitwa kuwa miongoni mwa Sabini, viongozi wa juu wa Kanisa, mwaka 2009, Kampala ina kigingi chake, yaani muungano wa sharika kadhaa, tangu 2010, na wanaosimama mimbarini kwetu ni Wasoga, Waganda, Waacholi na Wakongo. Lakini mtu akiniuliza kwa nini ilichukua muda wote ule, sina jibu zuri la kumpa, na nimejifunza kuwaogopa wenye nalo.

Sasa fedha, maana ndipo macho ya watu yalipo. "Wamarekani walikupa ngapi?" Nimeulizwa hivyo sokoni, kwenye matanga, na mara moja na mwendesha boda ambaye alitaka kujua kabla hajaniambia nauli. Ukweli ni kwamba natoa mimi: asilimia 10 ya kipato, na juu yake thamani ya ile milo miwili tunayofunga, ambayo huenda kwa wenye shida. Askofu wa kata, yaani kiongozi wa usharika, halipwi. Anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na akimaliza kusahihisha madaftari anaanza kusuluhisha ndoa za watu. Anayefundisha watoto halipwi, anayefagia halipwi, na ukionekana umekaa tu utapewa wito nawe usilipwe.

Kwamba Kanisa lenyewe lina fedha, hilo mjomba wangu amesikia sawasawa. Mwaka 2019 mfanyakazi wa zamani alifichua kuwa hazina yake ya uwekezaji, Ensign Peak, ilikuwa imefikia takribani dola bilioni 100, na mwaka 2023 Kanisa na hazina hiyo walikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwa jinsi walivyoficha umiliki wa hisa. Nilisoma habari hiyo jioni ya Jumamosi, na Jumapili nikapeleka bahasha yangu ya zaka kama kawaida, nimenuna kidogo. Anayedhani fedha hizo zinamiminika mtaani kwetu Walukuba aje atazame paa langu. Mtu akikwama kweli, kodi ya nyumba au chakula, askofu na Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama humsaidia, na baada ya hapo humuuliza anapanga nini mwezi ujao.

Kwamba tunaabudu shetani na kwamba sisi ni Frimasoni, hayo nitayapitia haraka. Hekalu halifunguliwi kwa kila mtu baada ya kuwekwa wakfu, na mlango uliofungwa huzaa hadithi. Kabla ya kuwekwa wakfu hufunguliwa kwa umma: la Nairobi watu wa dini zote walilitembelea bila malipo kabla ya tarehe 18 Mei 2025, wakaona mazulia, vioo na ukimya, hakuna jeneza wala kafara. Joseph Smith aliingia Umasoni mwaka 1842, hilo ni kweli, na hapo ndipo wazushi wanapojishikiza. Zamani safari yetu ya hekaluni ilikuwa mpaka Johannesburg. Sasa ni basi la usiku kupitia Busia, na hekalu la Kampala limeshatangazwa tangu Oktoba 2024.

Lile la kufukua maiti ili kuzibatiza linahitaji muda zaidi, kwa sababu limemkosesha usingizi mama mkwe wangu. Hakuna anayegusa kaburi. Mtu aliye hai anaingia majini na kubatizwa kwa jina la jamaa yake aliyefariki, na tunaamini marehemu huko aliko yuko huru kupokea au kukataa. Msingi wake ni 1 Wakorintho 15:29, mstari ambao wachungaji wengi huuruka. Kazi hasa ni kupata majina.

Na hapa Uganda tuna bahati. Nilikaa na babu wa mume wangu chini ya mfenesi, nikiwa na daftari na simu ya kurekodi. Mganda aliyewahi kujieleza mbele ya wakwe anajua kutaja ukoo, baba wa baba wa baba, na mzee yule alishuka vizazi vyake bila kusita, mkono ukipiga goti kila jina. Kisha nikamuuliza, mama yake huyu wa nne aliitwa nani? Mkono ukasimama. Akataja ukoo wa mama huyo, akataja kijiji alikotolewa, akataja hata idadi ya ng'ombe. Jina hakuwa nalo. Nikarudi kizazi cha tatu, ikawa vilevile. Daftari langu lina safu moja imejaa mpaka chini na nyingine ina mashimo, na mama mkwe alipoiona aliacha kuuliza habari za maiti. Wiki iliyofuata alipanda taksi kwenda Kalungu kwa dada mmoja mkongwe wa ukoo, kuulizia wanawake.

Watu pia hudhani familia zetu ni za kwenye matangazo, meno meupe na sauti moja. Jumatatu tunakuwa na jioni ya familia nyumbani: sala, somo, wimbo, kitafunwa. Kwetu umeme hukatika katikati ya somo na watoto hugombania nani aombe, yaani kila mmoja akisukumia mwenzake. Tulipowafundisha kwamba familia zinaweza kuwa pamoja milele, binti yetu alimgeukia kaka yake, akamwangalia toka juu hadi chini, akauliza, "Milele? Na huyu?"

Mwaka 2011 huko Broadway ilifunguliwa tamthilia ya muziki ya vichekesho yenye jina la kitabu chetu kitakatifu, Kitabu cha Mormoni, ikihusu vijana wawili wa Utah wanaotumwa kaskazini mwa Uganda, kwenye kijiji cha kubuni chenye mbabe wa kivita, maradhi na kila balaa. Wenzetu wa Utah walilalamika kuchekwa kama Wamormoni. Mimi ni Mormoni na ni mtu wa Uganda, nimechekwa pande zote mbili kwa tiketi moja. Kanisa, kwa akili ambayo sikuitarajia, lilinunua nafasi ya tangazo kwenye kitabu cha programu ya onyesho, likiwaalika watazamaji wakakisome kitabu chenyewe.

Wamisionari halisi hufika kwangu mchana, na aghalabu hufika wana njaa. Wa mwisho walikuwa wawili, mmoja wa Idaho, mmoja wa Lubumbashi. Wa Lubumbashi alikaa kibarazani akizungumza Kiswahili chake cha Kikongo na jirani yangu, bei za samaki, vita, mpira. Wa Idaho alitabasamu na kumaliza posho na maharage sahani mbili. Walipoondoka, jirani aliinama sikioni kwangu: "Huyu mtoto wa Kongo, Mzungu anamlipa ngapi kwa kumtafsiria?" Nikamwambia Mzungu ana wiki chache tu tangu afike. Mkongo ndiye mkubwa wake, ndiye anayemfundisha kazi, na kila mmoja amekuja kwa fedha za nyumbani kwao na michango ya waumini.

"Na wewe uliyepika?"

"Mimi nimelipwa shukrani."

"Aah," akasema, akichukua bakuli lake, "basi ni kweli hamna kitu."