Eti Memphis wangemchukua Harden badala ya Thabeet wangebeba kombe? Tuwekane sawa

Kila tukimaliza kucheza kikapu pale Mirongo lazima mtu aanzishe ile ya Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechukuliwa na Memphis ya NBA (ligi ya kikapu Marekani) kwenye drafti ya 2009, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, wakamwacha James Harden, na juzi ilikuwa hivyo hivyo, kahawa imepoa watu bado wanabishana kama wanagombea sangara.

Ya kwanza, eti Hasheem alikuwa garasa, Memphis walibahatisha. Hapana aisee, tusimvunjie heshima mtoto wa nyumbani. 2009 jamaa anatoka chuo cha Connecticut akiwa mlinzi bora wa ligi ya Big East misimu miwili mfululizo, timu yake imeingia nne bora ya vyuo Marekani nzima, urefu mita 2 na sentimita 20 hivi. Kumchukua wa pili nyuma ya Blake Griffin haukuwa uchizi. Harden akaenda wa tatu, Stephen Curry wa saba, na Curry aliachwa na wengi (Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua pointi gadi (wapanga mchezo) wawili na wote sio Curry, hapo sina la kuwatetea).

Inayonikera zaidi ni hii ya kwamba Memphis hawakuambulia kitu kwa Thabeet. Februari 2011 walimpeleka Houston, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji huko mbeleni, wakampata Shane Battier. Aprili wanaingia mtoano wakiwa wa nane, wanapangwa na San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya magharibi, mechi ya kwanza kabisa zimebaki kama sekunde 24 Battier anatupia ya pointi tatu, inaisha 101-98, ushindi wa kwanza wa mtoano tangu hiyo timu izaliwe, na Spurs wakatolewa 4-2. Sasa ukimfuta Thabeet, Battier anafikaje Memphis? Watu wanabadilisha jina moja afu mengine yote wanayaacha palepale, wakati ukivuta uzi mmoja wavu wote unasogea.

Na Harden gani huyo mnayemtaka? Yule wa MVP (mchezaji bora wa msimu) 2018 alikuwa Houston, kakabidhiwa timu nzima. Oklahoma City misimu mitatu alikuwa anatokea benchi, 2012 akawa mchezaji bora wa akiba, timu ikafika fainali ya NBA, ila Miami wakawapiga 4-1. Memphis nao mpira ulikuwa kwa Conley, Gay na Mayo, chini ya kikapu wapo Randolph na Marc Gasol, angepigia wapi? Sawa, nakubali wangekuwa wakali zaidi, maana 2013 walifagiwa 4-0 na Spurs fainali ya magharibi huku kufunga kukiwa shida. Ila ukali sio ubingwa.

Wapo pia wazee wa soka wanaosema mchezaji mmoja habadilishi kitu. Wazee, huku wanacheza watano, sio 11. 2018 Toronto walimtoa DeRozan, naye wa drafti ileile ya 2009, wakamleta Kawhi Leonard, 2019 wakabeba kombe lao la kwanza. Sema hata hapo, LeBron aliyekuwa anawatoa kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, alikuwa keshahamia Lakers, na katikati ya msimu waliongeza Marc Gasol, yuleyule wa Memphis. Kwa hiyo kombe mtu wa Memphis alilibeba, tatizo jezi iliandikwa Toronto.