Je, wajua? Kwenye mbuyu, mbao ya ndani kabisa sio lazima iwe ya zamani kuliko zote

Muulize fundi wa beringi pete ya ndani ni ipi, atakwambia ile inayobana shafti. Mtu wa barabara atakutajia ringi rodi ya ndani ya mji, na bwana misitu atakuonyesha kisiki akwambie hii ya katikati ndo utoto wa mti. Wote wako sawa, ila huyo wa tatu asiilete kanuni yake kwenye mibuyu ya huku Dodoma.

Kawaida mti huongeza mbao mpya chini ya gome, kwa hiyo ya zamani inabaki katikati. Na sisi mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili, halafu kiangazi kirefu, basi mtu anaona rahisi tu, kata mbuyu hesabu pete umepata umri. Haitoki! Mbao ya mbuyu ni laini, imejaa maji, pete zake hafifu na nyingine za uongo, na ukifa hauachi kisiki cha maana, unaporomoka unabaki rundo la nyuzinyuzi. Ndo maana wanasayansi wanapima radiokaboni, aina ya kaboni iliyomo kwenye mbao ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Na hapo ndo kikatokea kituko. Adrian Patrut wa Romania na wenzake walipima mibuyu mikubwa ya kusini mwa Afrika (mmoja wa Zimbabwe, Panke, ulikuwa na miaka kama 2,450) na kwenye mingine yenye pango, yaani uwazi ndani ya shina, walipopima kuanzia pangoni kwenda nje, umri ulipanda kwanza, ukafika kilele ndani ya ukuta wenyewe, halafu ukashuka.

Maelezo yao ni kwamba ule sio mti wa shina moja, ni mashina kadhaa yaliyosimama duara yakaungana. Chukulia watu wamesimama duara wanatazamana, kila mmoja ananenepa, tumbo, mgongo, ubavu, mpaka mabega yameshikana hupenyi. Mifupa ya zamani iko katikati ya kila mtu, nyama mpya iko pande zote, na ule uwazi wa katikati hakuna aliyewahi kusimama hapo. Kwa hiyo habari kwamba "kila pango la mbuyu ni moyo uliooza" sio kweli, kwenye mibuyu hii hapakuwa na moyo wa kuoza, na pango linazidi kuwa dogo kadiri matumbo yanavyosogea.

Ila mingine kweli imeoza au imeungua. Wengi huangalia kama ndani kuna gome, maana pango lililozungukwa na duara la mashina lina gome toka mwanzo, lakini mbuyu ukichunwa gome la kamba huotesha jingine, kwa hiyo gome peke yake halitoshi, mpaka mbao ipimwe.