Mtoto ana homa na kikohozi: ni korona au influenza? Majibu kwa wazazi wa Moshi na Arusha

Juni ikiingia na baridi ikishuka kutoka mlimani, mabenchi ya kliniki za watoto hujaa, na hali hubaki hivyo mpaka Agosti. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi na wazazi wakisubiri zamu, na ninayajibu hapa kama ambavyo ningewajibu ana kwa ana.

Nikimtazama mwanangu, nitajuaje kama ni korona au influenza?

Kwa macho hutajua, na hata daktari bingwa wa watoto hawezi. Yote mawili ni magonjwa ya virusi vya njia ya hewa. Yote huleta homa, kikohozi, mafua, koo kuuma, kichwa kuuma na mwili kulegea, na kwa watoto yote yanaweza kuleta kutapika na kuharisha. Kinachotenganisha kwa uhakika ni kipimo cha ute wa puani.

Hata hivyo, kuna mambo yanayoelekeza upande mmoja au mwingine. Influenza hushika ghafla: asubuhi mtoto anakimbiza mpira, jioni amejikunyata na homa ya nyuzi 39, hataki hata kuguswa. Huanza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, wakati korona huchukua siku 2 hadi 14 na mara nyingi huanza polepole. Kupotewa na harufu na ladha kulikuwa alama kubwa ya korona mwaka 2020, lakini mtoto wa miaka 3 hawezi kukueleza hilo, na tangu Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona, ilipoingia mwishoni mwa 2021 dalili hiyo imepungua sana. Omikroni badala yake iliwaletea watoto wadogo kikohozi cha kubweka na sauti ya kukwaruza.

Kwa upande wa influenza, lipo jambo linalowashtua wazazi: mtoto wa umri wa shule anaanza kupata nafuu, kisha asubuhi moja anakataa kutembea akilia kwamba mashavu ya miguu yanauma. Ni misuli iliyovimba, na kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku chache. Lakini mkojo ukiwa wa kahawia iliyokoza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwani korona bado ipo?

Ipo. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapahapa Arusha, msafiri aliyeshukia uwanja wa ndege wa KIA. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi havikuondoka nayo.

Dada nesi, bibi yake anasema ni malaria tu, tumpe dawa.

Shikamoo zake bibi, na hakosei kuiwaza malaria. Anachokosea ni kutoa dawa kabla ya kupima. Kahe, TPC kwenye mashamba ya miwa, na maeneo ya tambarare yenye kilimo cha umwagiliaji yana malaria, na Mto wa Mbu vilevile. Mtoto wa Kibosho au Marangu, kule juu mlimani, anaweza kuonekana yuko salama, kumbe amerudi wiki iliyopita kutoka likizo ya Tanga. Mweleze mhudumu safari hiyo bila kusubiri kuulizwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20 na zahanati nyingi wanacho. Kwa mtoto mwenye homa, hiki ndicho kipimo nisichokubali kirukwe, hata kama pua inachuruzika, maana mtoto anaweza kuwa na malaria na virusi vya mafua kwa pamoja.

Na kama zahanati yetu haina kipimo cha korona wala cha influenza?

Kwa mtoto aliyekuwa na afya njema, jibu la kipimo hicho halibadilishi sana huduma ya nyumbani. Linakuwa na uzito kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, mwenye selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo, utapiamlo au VVU. Huyo usikae naye nyumbani ukisubiri. Ipo dawa ya influenza iitwayo oseltamivir, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 za mwanzo.

Usiku niangalie nini?

Pumzi. Kama utakumbuka jibu moja tu, likumbuke hili. Mvue nguo ya juu akiwa ametulia au amelala, washa taa, na uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio. Anapumua haraka kupita kiasi akifikisha 60 au zaidi kama hajatimiza miezi 2. 50 au zaidi tangu miezi 2 hadi asitimize mwaka. 40 au zaidi tangu mwaka 1 hadi asitimize miaka 5. Homa pekee huongeza kasi, kwa hiyo ikishuka hesabu tena. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hapo hakuna haja ya kuhesabu wala kungoja kupambazuke.

Safari ya hospitali usiku uleule ni pia kwa mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au mwenye midomo ya bluu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote naye aende. Anza na kituo kilicho karibu nawe chenye hewa ya oksijeni. Wao ndio watakaompa rufaa kwenda hospitali kubwa za Mawenzi, KCMC au Mount Meru.

Dawa gani nimpe?

Parasetamoli, kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa na upime kwa kikombe chake, siyo kijiko cha chai. Aspirini usimpe kabisa. Kwa mtoto mwenye virusi inaweza kuharibu ini na ubongo. Amoksilini ya dukani haiui virusi. Asali hutuliza kikohozi, lakini ni kwa aliyetimiza mwaka. Anayenyonya aendelee kunyonya, mkubwa apewe mtori mwepesi kidogokidogo.

Tumfukize? Na tumwekee jiko chumbani apate joto?

Nawaomba sana, hapana kwa yote mawili. Nyungu haimtibu mtoto. Inachomfanyia ni kumuunguza, kwani sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi hupinduka kwa mguu mmoja tu. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua familia nzima usingizini. Tena dalili zake za mwanzo ni kichwa, kichefuchefu na usingizi, mtu akadhani ni mafua. Wote wa nyumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja bila homa, tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali.

Amepona. Kuna kitu cha kufuatilia?

Mara chache, wiki 2 hadi 6 baada ya korona, hata ile iliyokuwa nyepesi, mtoto hupata homa kali upya, macho mekundu, vipele na tumbo kuuma. Mrudishe hospitali na ueleze kwamba aliugua au aliishi na mgonjwa.

Arudi lini shule?

Akikaa saa 24 bila homa na bila dawa ya homa, akiwa anakula na ana nguvu. Kabla ya hapo, kama hulala kitanda kimoja na bibi mwenye kisukari au presha, mhamishe, fungueni dirisha mchana, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila anapomfuta pua.