Tumbawe likifa nusu, tazama mpakani

Nikitumiwa picha ya tumbawe la kufugwa tangini lililokufa upande mmoja, karibu kila mara kamera imelengwa kwenye kiunzi cheupe. Naelewa, ndiko macho yanakokimbilia. Lakini kiunzi hicho hakina la kunieleza. Ninachotaka kuona ni mstari ambapo nyama hai inakutana na chokaa tupu, tena kwa karibu, na taa za buluu zimezimwa zisije zikatudanganya rangi. Kutibu, kukata au kuliacha lilivyo: uamuzi wote unatoka kwenye zile milimita chache.

Mpaka uliotulia una ukingo wa mviringo, umevimba kidogo, na rangi imefika hadi mwisho wake. Nje ya ukingo huo chokaa imeshashika mwani wa kijani au kahawia, ishara kwamba nyama iliondoka pale zamani na haijaendelea kurudi nyuma. Mpaka unaoendelea kufa hauko hivyo. Kati ya nyama na mwani kuna utepe mweupe pe, ambao hata mwani haujawahi kuushika. Utepe huo ukizidi kupanuka kila asubuhi, tumbawe bado linakufa. Na ukiona nyama inachanika vipande na kupeperushwa na mkondo, basi hesabu saa, usihesabu wiki.

Baada ya mpaka naangalia aina, maana yote hayaponi kwa njia moja. Tumbawe gumu ni utando mwembamba wa nyama juu ya chokaa iliyojengwa na polipu zenyewe, yaani vile viumbe vidogo vyenye mdomo na minyiri. Kwa yale ya duara, mfano Favia na Favites, au yanayotambaa, mfano Montipora, nyama ya koloni zima, yaani polipu zote kwa pamoja, imeungana. Upande uliosalia unaweza kutambaa tena juu ya kiunzi kilichoachwa wazi, na polipu mpya zikachipuka njiani. Hayo ndiyo yenye matumaini makubwa. Euphyllia, zile zenye minyiri mirefu inayopepea, kwa kawaida kila tawi lina kichwa chake, na katika koloni lililokomaa vichwa havijaungana kwa nyama. Kimoja kikifa, jirani yake hawezi kukifunika, ila naye si lazima afe. Acropora, tumbawe la matawi, ni roho mkononi. Ikianza kuchubuka kutoka shinani kwenda juu, sipotezi muda na koloni zima, naokoa ncha.

Sasa chanzo. Watu hupenda kuniuliza dawa gani, nami huwauliza alkaliniti ya jana, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ilikuwa ngapi. Kwa kipimo chake cha dKH, bahari ina takriban 7, na matangi mengi hukaa vizuri popote kati ya 7 na 9. Kinachoua ni kuruka: mtu anapima 7, anaona ni ndogo, anamwaga poda, jioni ni 10. Tumbawe likiwa na kidonda mimi sipandishi zaidi ya nusu dKH kwa siku. Chumvi iwe 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 au 26, na visiyumbeyumbe. Kwenye nitrati na fosfati nabishana na wengi. Tangi linaloonyesha sifuri kwa vyote viwili lina njaa, na nyama yenye njaa haitambai. Nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita, na fosfati ya 0.05 hadi 0.1, hazinikoseshi usingizi.

Mlio Mombasa, Tanga au Dar es Salaam na mnaochota maji ya bahari wenyewe, angalieni masika. Karibu na hori na midomo ya mito mvua hushusha chumvi na kuleta tope. Chota mbali na hapo, maji yakiwa yamejaa, na upime chumvi kila unapochota. Mlio Ghuba, adui yenu mnamjua: kiyoyozi kikizimwa mchana, tangi linapanda joto kabla hujarudi kazini.

Vipimo vikiwa sawa, rudi usiku na tochi yenye mwanga mwekundu. Tumbawe la Galaxea hutoa minyiri mirefu gizani na kumchoma jirani ambaye mchana ulidhani yuko mbali. Wakati mwingine mkosaji ni kitatange anayedonoa, au kaa aliyeingia na jiwe. Pampu inayopuliza moja kwa moja nayo huchubua nyama mpaka kwenye chokaa. Ugeuze mkondo ugonge kioo kwanza ndipo ulifikie tumbawe.

Ute wa kahawia kwenye Euphyllia ni dharura. Zima pampu ili usisambae, unyonye kwa mpira mwembamba, kisha toa tumbawe nje ya tangi na ukate kichwa kinachooza. Kilichobaki nakichovya kwenye myeyuko wa ayodini kwa matumbawe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Mpaka ukigoma kutulia, nakata. Napita ndani ya nyama hai, kama sentimita moja kutoka kwenye kidonda, kwa msumeno mwembamba au koleo la kukatia mifupa. Vaa miwani na glavu. Ikiwa kwenye jiwe kuna Palythoa, jamaa laini wa matumbawe, jiwe hilo usilisugue likiwa kavu wala usilichemshe, maana sumu yake, palitoksini, imewahi kuwalaza watu hospitali.

Vipande vinavyobaki usivione vidogo. Huko Florida, David Vaughan, aliyekuwa mtafiti wa maabara ya bahari ya Mote Marine Laboratory, alivunja tumbawe kwa bahati mbaya, akakuta masalia madogo yanakua kwa kasi kuliko alivyotarajia. Kutokana na hapo ikakuzwa mbinu ya kukata matumbawe vipande vidogo vidogo na kuvigundisha juu ya viunzi vilivyokufa. Vikiwa vya koloni moja, vinatambuana na kuungana. Nyumbani inafanyika vilevile: safisha upande uliokufa, bandika vipande vya tumbawe hilohilo kwa supagluu nzito, acha nafasi ya sentimita moja au mbili kati yao. Kwa Favites iliyobaki robo, sijui njia bora kuliko hii.

Mahali mpaka umetulia, vita ni dhidi ya mwani. Mwani wa nywele ukifika kwenye ukingo wa nyama, hauvukiki. Nasugua kiunzi kwa mswaki laini, na penye ubishi natoa tumbawe nje na kupaka peroksaidi ya asilimia 3 kwenye chokaa tu, dakika moja, kisha nasuuza. Tone moja juu ya nyama ni kidonda kipya. Mwani mgumu wa waridi, ule unaotandaza ganda la chokaa, siugusi: tumbawe hupanda juu yake bila shida.

Punguza mwanga, shusha tumbawe chini au lipe kivuli kidogo, halafu lisihamishwe tena. Likigeuka kahawia usiogope, mwani unaoishi ndani ya nyama umeongezeka na ndio unaolilisha. Chakula nampa usiku minyiri ikitoka: atemia (viduduvidogo vya maji ya chumvi) au uduvi mdogo wa kugandishwa, pampu zikiwa zimezimwa, kidogo mara mbili kwa wiki. Kamba wakija kupora, funika kwa nusu chupa ya plastiki.

Piga picha kila wiki kutoka pembe ileile, rula ikiwa kando. Kwa macho hutaona lolote, utakata tamaa na kuanza kuchezea taa.

Na lililokufa lote? Usilitoe haraka. Kwenye visiwa vya Columbretes, Hispania, watafiti waliripoti mwaka 2019 kwamba baadhi ya koloni za tumbawe la Cladocora caespitosa zilizoonekana zimekufa kwa joto zilikuwa na polipu zilizojikunja ndani kabisa ya kiunzi, na miaka baadaye zikatoka tena. Kwenye matangi nimeona vichipukizi vya Euphyllia vikitokea ubavuni mwa tawi lililodhaniwa tupu. Kwa hiyo kiunzi nakiacha palepale miezi sita, nakisugua mwani, nakimulika kwa tochi ya buluu mara mojamoja kutafuta doa linalong'aa. Lisipotokea, linabaki jiwe, na nabandika kitu kingine juu yake.