Sanduku la kuzalia mbwa mdogo: mtoto aliyepoa hanyweshwi maziwa

Katika majira ya baridi, hasa Juni na Julai, joto la usiku mjini Lubumbashi huweza kushuka chini ya nyuzijoto 10, na ndipo tunapoletewa kwa wingi watoto wa mbwa wa jamii ndogo waliofungwa kikwembe, wamepoa, matumbo yamevimba kwa maziwa ambayo hawakuweza kuyasaga. Wengi wao wangepona kama wangepashwa joto kwanza.

Sanduku la kuzalia ni nini?

Ni boksi la mbao lisilo na kifuniko, ambamo mbwa huzaa na kulea watoto wake kwa majuma ya kwanza. Mtoto wa jamii ndogo huzaliwa akiwa na gramu 100 hadi 200, pengine pungufu ya hapo. Hajui kutetemeka ili kujipatia joto, na hana nguvu ya kujiondoa mama akimlalia. Sanduku humkinga na hatari hizo mbili.

Liwe na vipimo gani?

Mama aweze kulala ubavu akiwa amenyoosha miguu yote, na aweze kugeuka bila kukanyaga watoto. Kwa mbwa wa kilo 2 hadi 5, sentimita 75 kwa 75 zinatosha, kuta ziwe na kimo cha sentimita 30, na upande mmoja uwe na mlango wenye kizingiti kifupi. Ndani, pigilia papi ya mbao kuzunguka kuta zote, iwe juu ya sakafu kwa sentimita 5 hadi 8 na itokeze kutoka ukutani kwa kiasi hicho hicho, ili mtoto aliyebanwa kwenye ukuta apate pa kupumulia. Mafundi huipuuza papi hii kwa sababu haionekani kuwa na kazi. Msisitizie fundi wako. Mweke mbwa humo juma moja kabla ya siku zake, ambazo ni takribani 63 tangu kupandwa, la sivyo atakwenda kuzalia chini ya kitanda.

Nitandike nini?

Magazeti chini, juu yake taulo au kikwembe kizito kisicho na nyuzi zinazoning'inia, na kibadilishwe kila kinapolowa. Usitumie maranda wala unga wa mbao, kwa maana huingia puani na kushikamana na kitovu kibichi.

Joto liwe kiasi gani, na umeme ukikatika?

Juma la kwanza, nyuzijoto 29 hadi 32 pale watoto wanapolala. Juma la pili, 26 hadi 29. Kisha punguza polepole. Pasha upande mmoja tu wa sanduku, ili anayeona joto limezidi aweze kutambaa kando, na mama asikimbie. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto katika chupa za plastiki, zifunge kwa taulo, na uzibadilishe kabla hazijapoa, kwa sababu chupa iliyopoa huwanyang'anya watoto joto. Mbabula yenye makala (jiko la makaa) isiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watoto wa mbwa pamoja na watu wanaolala humo.

Mtoto analia na mwili wake ni wa baridi. Nimpe maziwa kwanza?

Hapana. Mpashe joto kwanza. Katika juma la kwanza joto la kawaida la mwili wake, likipimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, ni 35 hadi 37. Likishuka chini ya 34 hivi, utumbo husimama: maziwa hubaki tumboni, huchacha, tumbo huvimba, au hurudi juu na kuingia mapafuni. Mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo, ukimgeuza mara kwa mara, kwa muda wa saa moja hadi tatu. Kumpasha kwa moto mkali wa ghafla nako ni kumuumiza. Akifika 36 na akikunyonya kidole kwa nguvu, mrudishe kwenye chuchu.

Hata maziwa kidogo ya vuguvugu?

Hapana.

Hata yale ya mama yake?

Hapana. Ubaya hauko katika aina ya maziwa, uko katika ubaridi wa mwili. Aliyeshindwa kunyonya kidole hawezi kumeza salama, na chochote unachommiminia mdomoni kinaweza kuelekea mapafuni. Tafadhali, weka kijiko chini.

Je, nisubiri mpaka asubuhi?

Usisubiri. Akiba ya nguvu ya mtoto wa gramu 100 huisha kwa saa chache, na tunaoletewa asubuhi mara nyingi walianza kulegea tangu jioni. Ikiwa ameshapata joto lakini hanyonyi, au amepoa tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama usiku huo huo, akiwa amefungwa pamoja na chupa ya joto. Nunua mizani ya jikoni na uwapime kila siku kwa saa ile ile: uzito unapaswa kuongezeka kila siku na kuwa maradufu ifikapo siku ya 10 hivi. Anayepungua ni mgonjwa, hata kama anaonekana ametulia.

Na mama, nimpeleke wakati gani?

Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali wengine wamo tumboni, au akitoa majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza. Na katika majuma manne ya kwanza ya kunyonyesha, akianza kuhema, kutetemeka na kutembea kwa miguu iliyokakamaa, watenge watoto wasimnyonye na umpeleke mara moja: madini ya chokaa (kalsiamu) yamemwishia katika damu, na hali hiyo huua kwa saa chache.